Ubao wa Sebuleni

Jumatatu, 3 Juni
Nimepiga deki, nimepika uji, na bado tunabishana. Ubao wa ukutani, ule wa kuzuia migongo ya viti isichubue rangi, ukae juu kiasi gani? Baba Neema anasema sentimita sabini na tano, viti vinaishia hapo. Mimi nasema mia, uonekane. Fundi Ambele anasubiri, anakunywa chai yetu. Kikombe cha tatu. Mama mkwe, aliyefika wiki jana kutoka Tosamaganga, kasema tunagombania ubao kama watoto wanaogombania ukoko. Nimecheka mpaka basi.

Jumatano, 5 Juni
Nimekasirika. Rangi ya krimu, haina hata wiki mbili, na tayari ina alama za mkaa. Nimemgombeza Neema. Kaapa si yeye. Nimefuta. Baridi ya hapa Ilomba imezidi, Mama habanduki kwenye jiko la mkaa.

Ijumaa, 7 Juni
Alama zimerudi. Kiganja, kiganja, kiganja, kutoka mlango wa jikoni hadi kiti cha Mama. Zote usawa mmoja. Nikajibanza nyuma ya pazia kama mwizi. Mama akapita anapapasa ukuta, anahesabu hatua kwa Kihehe. Haoni vizuri. Nimeumia. Na mtoto nimemgombeza bure. Nimemwomba radhi kwa maandazi.

Nimwambie mume wangu? Mwaka jana alitaja fimbo ya kutembelea tu, Mama akafungasha, akapanda basi la Iringa. Ndiyo kwanza karudi. Akiondoka tena atakaa peke yake kule. Sitaki. Nampenda huyu bibi na maneno yake. Nanyamaza.

Jumamosi, 8 Juni
Nimepima alama kwa futi. Sentimita themanini na mbili. Nikamwambia fundi aanzie mlango wa jikoni, afike kwenye kiti cha Mama, apige msasa pasibaki kibanzi hata kimoja. Akauliza hiyo themanini na mbili nimeitoa wapi. Nimeota, nikasema. Baba Neema anajisifu kwamba nimeshuka. Mwache ashangilie.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa wanajumuiya wamekuja kumsalimia Mama. Salamu za Kihehe, kamwene, zikawa nyingi. Mmoja akausifia ubao, akauliza nani kachagua kipimo. Nikafungua mdomo nimtaje fundi. Mama akaniwahi.

"Kipimo ni changu. Huyu mkwe wangu alishika futi tu."

Wakacheka wote. Mimi nikainama.

Walipoondoka akaenda mwenyewe jikoni kufuata chupa ya chai, mkono juu ya ubao. Hakuhesabu. Kaniletea mimi kwanza.