Sindano Niliyoweka Katika Bahasha

Bwera, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe kwanza, halafu mdogo wangu Kahindo, kama ni yeye anayekusomea. Na kama ni yeye, basi nimeshapata nusu ya jibu ninalolitafuta, maana barua zangu zote ulizisoma mwenyewe, pale dirishani kwenye cherehani yako, hata chai hujamimina.

Mimi ni mzima. Mvua imeshika huku, milima haionekani tangu asubuhi, na chumba changu kinavuja mahali palepale. Kazi ya kutunza kompyuta za zahanati ya masista inaendelea, ingawa bado wanaamini ni mimi ninayekata umeme.

Gauni ulilonishonea lilifika. Mama Kanyere, yule anayevusha vitenge mpakani, alinikabidhi mkononi. Rangi nimeipenda sana. Lakini mkono wa kushoto umegeuzwa, mishono yote iko nje, na pindo limekwenda upande. Wewe, uliyekuwa unanifumulia pindo mpaka nalia! Nikakupigia simu kuuliza macho yako yanaendeleaje. "Niko bien, mutoto wangu. Huku yote iko muzuri." Hujawahi kunijibu vingine. Hata siku tuliyomzika Baba ulisema iko muzuri. Basi nikakata simu, nikanyamaza.

Sasa nikueleze kwa nini sinyamazi tena.

Zahanati yetu haina maabara kubwa. Makohozi ya wagonjwa yanapelekwa Kasese, na majibu yanarudi kwa mtandao. Juzijuzi majibu yaliacha kuja. Kuna dada mmoja, Biira, anauza nyanya sokoni Mpondwe. Alikuwa anakuja kuuliza kila asubuhi, anakohoa, mtoto mgongoni. Sista Mkuu akaniita.

"Kavira, network iko?"

Nikaiita mashine ya Kasese, ile kompyuta inayotunza majibu, kwa jina lake. Ni jambo dogo tu, unaita, nayo inaitika kwamba ipo. Ikaitika mara moja.

"Iko, Sista. Kasese inaitika."

"Basi majibu haijatoka," akasema, na Biira akarudi kwenye nyanya zake.

Kesho yake akaja tena, akaketi kwenye benchi bila kuuliza chochote. Hilo lilinichoma kuliko maswali. Nikarudi kwenye kompyuta, nikafungua lile dirisha jeusi lisilo na picha, la kuandika tu. Mle kuna programu ndogo inayokufikisha mpaka mlangoni. Mashine moja, Mama, ina milango mingi, kila kazi na mlango wake, na kila mlango una namba. Nikaandika jina la mashine na namba ya mlango wa majibu ya maabara. Nikaambiwa nimekataliwa. Mashine ilikuwa macho, lakini kwenye mlango ule hapakuwa na wa kufungua.

Nikampigia Baluku, fundi mwenzangu wa Kasese.

"Mbona server iko on? Taa ni green," akasema.

"Sikuulizi taa. Angalia programu ya majibu kama inafanya kazi."

Nikasikia anabonyezabonyeza. "Aah. Umeme ilikatika, mashine ikawaka yenyewe, lakini hii programu haikuamka. Ngoja niiwashe."

Nikajaribu tena, mlango ukafunguka. Safari hii sikuridhika na kufunguka tu. Niliandika ombi lote kwa mkono wangu, pamoja na namba ya Biira, na jibu lake likashuka mbele ya macho yangu.

Ni kifua kikuu. Sista alimweleza taratibu, mimi nimesimama pembeni na aibu yangu, kwa kuwa ni mimi niliyesema iko. Biira alimpakata mtoto, akafikiri kidogo. "Afadhali nimejua," akasema. "Munipe dawa nianze." Alianza siku hiyohiyo, na mtoto naye akapimwa.

Nilipofika nyumbani nililitazama tena gauni lako, nikaogopa. Nakuita, unaitika, nafurahi, nakata simu. Bibi naye alisema iko muzuri kila alipoulizwa, mpaka akawa anatupapasa nyuso ili ajue huyu ni nani. Sitaki unipapase, Mama. Kasese kuna daktari wa macho. Sista amekubali kuniruhusu nikupeleke, na kitanda changu kinatutosha wawili.

Ndani ya bahasha kuna sindano na kipande cha uzi mweusi. Keti dirishani, utie uzi wewe mwenyewe. Kahindo, mikono yako iweke mbali, nakujua. Kisha mpe Mama Kanyere sindano hiyo aniletee siku ya soko. Usinipigie simu kunieleza.

Nisalimie kaka Kambale na mkewe, na shangazi wa kwaya, mwambie sauti yake naikosa kila Jumapili. Nisalimie na jirani yetu fundi viatu, viatu alivyonishonea bado vinavumilia matope ya Bwera.

Sindano ikirudi na uzi wake, nitakuomba radhi na nitalivaa gauni hivyohivyo, mkono nje ndani, mpaka kanisani. Ikirudi tupu, usiseme neno. Funga tu nguo zako, nitavuka mpaka, nije Kasindi kukupokea.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda na kukuogopa kidogo,

Kavira