Sindano ya Mapafu

Shikamoo Mama. Kwenye simu nilikwambia tu kwamba dada Mwajuma hajambo, kwa sababu mengine naona aibu kuyasema kwa mdomo.

Juzi tumbo lilimkaza kabla ya wakati, tukampeleka hospitali hapa Tabora. Nesi alipoleta sindano, mama mkwe wake akamzuia. "Miezi saba tu, mwanangu. Usimchome ya kuleta uchungu."

Nikasema, "Mama, hii ni ya mapafu ya mtoto. Juu ya figo zake ana tezi ndogo zinazotengeneza homoni ya kuyakomaza, ila bado hazijatoa ya kutosha." Nesi akaitikia kwa kichwa.

"Kumbe naye ana kazi humo ndani?"

"Anayo, mama."

"Haya, msaidieni."

Darasani nilisoma hayo kwa Kiingereza, na sijawahi hata kunyoosha mkono. Sasa maumivu yametulia, mtoto bado yumo. Nikimpelekea dada uji wa asali ya Sikonge, nalitazama lile tumbo nikiwaza kwamba yumo gizani, hajaonwa na mtu, na tayari anajiandalia pumzi yake ya kwanza.

Nakuombea usingizi, Mama, maana najua hulali.

Mwanao, Rehema