Ukurasa wa Ariel

Tucumán, 20 Agosti

Dada Mirta mpenzi,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama, na kwamba magoti yake yametulia sasa baridi imepungua. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio unaoumwa.

Unamkumbuka bosi wangu Lautaro, aliyefungua tovuti ya habari kwenye gereji ya shangazi yake? Tulikalia makreti ya malimau, tukila empanada zilizopoa na kulicheka gazeti la mjini, eti kazi yake kulamba viatu vya matajiri. Jina tulilipata kwa habari ya kaka yetu Ariel, boila la kiwanda cha sukari lilipopasuka likamuua. Sisi peke yetu tuliandika kwamba wenye kiwanda walijua ni bovu.

Sasa waone Lautaro na wenzake! Kwanza walikimbilia video za mbwa ili watu wabofye. Mbwa walipochosha, wakaanza kuwabembeleza wasomaji walipie. Leo tuko ghorofa ya nane, tunapamba picha za sherehe za mabinti wa matajiri wanaotimiza miaka kumi na mitano, kwa malipo. Hata lile gazeti halikujidhalilisha hivi. Lautaro kavaa kizibao, anasema kampuni imekomaa. Ndizi ikikomaa hivyo, kwetu tunasema imeoza.

Mwanzoni mwa mwezi huu wenye kiwanda kile walinunua nusu ya kampuni. Wiki haikuisha, Lautaro akaniita, akaniambia kwa upole wake wa kinafiki kwamba habari za zamani zinaielemea tovuti, nizifute. Kwenye orodha, ya Ariel ilikuwa ya kwanza. Nikamwambia huyo ni ndugu yangu.

“Najua, Yami. Lakini nani bado anaisoma?”

Nikamjibu kwamba Mama huisoma kila Jumapili.

“Basi mtolee nakala kwenye karatasi.”

Dada, uliponipigia simu kusema ukurasa haufunguki, nikakwambia mtandao wa huko kwenu Famaillá ni mbovu. Nilikudanganya. Ni mimi niliyeufuta. Nimewatukana wote humu, kumbe aliyebofya ni mimi, kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Nakala nayo sikutoa. Nilijiambia nitaitoa kwenye kapu la vilivyofutwa baada ya chakula, lakini niliporudi sikuipata tena.

Jumapili Mama atakuomba simu yako. Usimwambie habari za mtandao. Mwambie ni Yamila.

Nisalimie watoto na shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Mama sijui nimsalimie vipi.

Mdogo wako,
Yamila