Sufuria Mbili Jikoni

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Kwa kaka yangu Hamisi,

Assalaam alaikum, na shikamoo kaka. Goti lako limepoa, au bado unapanda baiskeli kwa mguu mmoja? Wifi yangu hajambo? Na mvua ya Newala, imewafikia au mnaangalia mawingu tu? Sie huku tu wazima, isipokuwa mama, na habari ya mama ndiyo iliyonikalisha chini. Najua utacheka, Zuhura na barua wakati simu zimejaa. Lakini kila nikikupigia, mama anakaa ubavuni kwangu kusikiliza, na haya siwezi kuyasema mbele yake. Jirani yetu anasafiri kesho kuja huko, nimemwomba akuletee mkononi.

Ulipompandisha basi baada ya korosho kuuzwa, uliniambia, "Mpumzishe mama, amelima vya kutosha." Nikampumzisha, kaka. Asubuhi chai ya sukari nyingi na maandazi, mchana wali, jioni wali tena au chipsi kutoka kwa kijana wa barabarani. Mgeni akija, soda. Mwanzoni aliniomba uji wa mtama, akaniomba na kisamvu, mie nikamcheka. Nikamwambia, "Mama, hukuja Dar kurudia shida." Majirani walimsifu kuwa amenawiri, nami nikavimba kichwa. Baada ya muda akauzoea wali, hakuomba tena.

Hilo la sukari kupanda na kidole cha mguu kukatwa ulishaambiwa. Hujaambiwa yaliyofuata.

Siku ya kutoka hospitali, muuguzi alitukalisha akatueleza chakula. Dawa asiache, alisema, lakini na sahani ibadilike. Ale unga usiokobolewa, kunde, mbaazi, mboga za majani kwa wingi, na tunda lenyewe badala ya juisi. Vitu hivyo vina nyuzinyuzi, ndizo zinazofanya chakula kipite tumboni taratibu, sukari isipande kwa kishindo, mtu ashibe mapema na choo kiwe laini. Hata vya namna hiyo ale kwa kiasi, asijaze sahani. Halafu akaniuliza, "Huko kwenu alikuwa anakula nini?" Nikaanza kumtajia: mtama, mbaazi, kisamvu, mlenda, njugu mawe. Yule muuguzi akasema, "Basi mrudishieni." Nililia pale pale kwenye benchi, mama akidhani nalilia kidole chake.

Nikaenda Buguruni sokoni, nikarudi na mtama, dona na kunde. Nikanunua na sufuria ndogo mpya, ya mama peke yake. Nilijiona hodari kweli. Sufuria kubwa ikawa na wali wetu, ile ndogo na chakula chake. Tukikaa mkekani, sinia letu linawekwa katikati, na mama anapewa bakuli lake pembeni. Siku za kwanza alikula. Baadaye bakuli likawa linarudi na chakula nusu, kisha karibu lote. "Nimeshiba," anasema, huku anatazama mikono ya wajukuu kwenye wali.

Siku moja nikamkuta gengeni kwa jirani, ana chapati mkononi na soda mbele yake. Nilipandwa na hasira, kaka. Nilimgombeza mbele za watu kama ninavyomgombeza mwanangu. Alinifuata mpaka nyumbani. Ndipo akaniambia, "Zuhura, mie mtama siukatai. Nimeula tangu sina meno. Lakini nyumba gani hii mtu anatengewa sufuria yake, kama ana ugonjwa wa kuambukiza? Na baba yenu tumekula sinia moja mpaka anaingia kaburini."

Nimejuta, na bado najuta ninapokuandikia. Nilimlisha vibaya nikidhani namheshimu, na nilipoanza kumlisha vizuri nikamvunjia heshima.

Tangu siku hiyo tunapika sufuria moja. Shemeji yako alinuna wiki nzima. "Leo dona tena? Sie tumegeuka kuku?" Sasa amenyamaza, maana zamani alikuwa akijifungia chooni mpaka wapangaji wenzetu wanagonga mlango, na siku hizi anaingia na kutoka kama watu wengine. Watoto wamezoea kunde, wanagombania ukoko wa ugali. Mama naye anakula vizuri, na kliniki wamesema sukari imeshuka. Lakini ule mzaha wake, kaka, umepungua. Wiki iliyopita aliniomba nimrudishe nyumbani. Hakuniomba kwa hasira, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Akimaliza kliniki ya mwezi huu nitamleta. Sasa nakuomba. Nakujua wewe, utachinja mbuzi, utapika pilau na kuagiza kreti ya soda, ukoo mzima uje kumpokea mtu wa Dar. Usifanye hivyo. Na usimpikie chake pembeni mkala pilau yenu. Pikeni ugali wa mtama na mbaazi, wageni wote wale huo, na wewe mwenyewe unayependa wali kuliko sisi wote ukae sinia moja naye. Siyo siku hiyo tu, kila siku. Wifi amtazame miguu kila jioni, asitembee peku, na dawa zisikatike. Mie nilitaka mama akae kwangu mpaka mwisho wa umri wake. Sasa nakaa hapa nakuelekeza wewe jinsi ya kula naye.

Nisalimie mama mdogo anayetutwangia mtama, mwambie kinu chake kitapata kazi. Nisalimie mjomba mchonga vinyago, na shangazi yetu wa msikitini, na wifi yangu nambusu mikono. Shemeji yako na watoto wanakuamkia.

Mama amepita hapa sasa hivi, akaniuliza namwandikia nani. Nimemwambia, "Kaka, namsalimia tu." Amenitazama kidogo, akasema, "Mwambie nakuja kula nao."

Ni mimi mdogo wako, nikikuombea afya na subira,
Zuhura