Upande Wangu, Upande Wako

Weslaco, Texas
Jumapili ya pili ya Novemba

Kwa dada yangu mpenzi Ardis,

Salamu nyingi zikufikie huko Mayville, wewe na wote waliokaa mezani pako baada ya ibada. Natumaini goti lako limetulia tangu baridi ilipoingia, na kwamba mwanangu Curtis anakuja kukuondolea theluji mlangoni kama alivyoahidi. Sisi tu wazima. Mume wangu Verlyn anakula vizuri na kulala vizuri, na ninapoandika haya yuko nje kwa shati la mikono mifupi, akimenya balungi la mti wetu wenyewe. Kabla hujaendelea nakuomba jambo moja. Usiisome barua hii kimya kimya. Isome kwa sauti, Curtis akiwepo, wala usiruke sentensi hata pale utakapodhani ninajiharibia.

Nyote mnajua tulivyoondoka. Daktari alipomnyang'anya Verlyn leseni mwezi wa Agosti, kwa kuwa macho yake sasa yanaona kingo za vitu tu na katikati pamefunikwa, kila mtu aliamini kwamba safari zetu za kulifuata jua kila majira ya baridi zimekwisha. Niliposema kwamba nitaendesha mimi, Curtis aliweka uma chini. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto kwamba paka wake amekufa, kuwa gari-nyumba lile lina urefu wa basi na mama yake ana miaka sabini na mmoja. Mwishowe tukapatana na kupeana mikono. Niendeshe, lakini ukitokea mkwaruzo mmoja tu, nisimame papo hapo na kumpigia simu. Yeye atakuja kwa ndege, gari litauzwa, nasi tutahamia katika lile ghorofa la wazee kule Fargo lenye vyuma vya kujishikia bafuni. Nililitembelea ghorofa hilo, dada. Wapishi wake ni hodari na ngazi zake ni safi. Lakini madirisha yake hayafunguki, na Verlyn amelima ngano maisha yake yote. Nilijua kwamba nikilikosea gari, nitakuwa nimemfungia yeye madirisha.

Basi tulisafiri kwa mwendo wa watu wasiosubiriwa na yeyote. Tuliziacha barabara kuu kila tulipoweza, tukafuata zile zinazopita katikati ya miji midogo, tukasimama kila palipokuwa na kahawa na mtu wa kulalamika naye kuhusu bei ya soya. Siku ya kwanza Verlyn aliteseka. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwepo, tangu nyumbani hadi mpaka wa Dakota Kusini, mpaka nikamwambia atatoboa sakafu. Akaniuliza kama kweli nilikaa kiti hicho miaka yote hiyo bila kupiga kelele. Nikamwambia kelele nilipiga, ila yeye alikuwa anasikiliza habari za mazao.

Kufikia Nebraska alikuwa ametulia. Alianza kunisomea mashamba kwa kingo za macho yake na kwa pua, dirisha likiwa wazi: hapa wamechelewa kuvuna mahindi, pale mtu amelima udongo ungali na maji na mwakani atajuta. Upepo ulilisukuma gari kama ng'ombe anayejikuna ukutani, nami nilijifunza kuushika usukani bila kuunyonga. Kwenye kituo cha mafuta cha mji mmoja, wanaume wawili walimkabili Verlyn kutaka kujua injini inavyopanda vilima. Akawaelekeza kwangu. Mmoja wao akatabasamu na kuniuliza, "Kwa hiyo wewe, bibi, ndiye unayemwendesha mzee?" Nikamjibu kwamba mzee haendeshwi na mtu, ninayeliendesha ni gari. Verlyn alicheka hadi tulipofika mji wa pili. Sikumbuki, dada, mara ya mwisho niliyojiona mrefu namna ile.

Sasa nakuja Kansas, na hapa ndipo ninapoomba usiruke.

Tulifika kambi ya magari-nyumba alasiri, upepo ukivuma. Nafasi tuliyopewa ilihitaji kuingia kwa kurudi nyuma, na mnaijua desturi ya kambi hizi: mtu akianza kurudi nyuma, viti vya kukunja vinafunguliwa, watu wanakaa kutazama. Verlyn akashuka na redio ya mkononi na kusimama nyuma, mahali ambapo siku zote nilisimama mimi. Nguzo ya chuma inayolinda bomba la maji aliiona vizuri kwa pembe ya jicho. Akaniambia redioni, "Njoo upande wako, mama. Upande wako. Njoo tu." Nikazungusha usukani, nikaja. Ukatoka mlio kama wa kopo linalofunguliwa kwa kisu.

Redio ikasema kwa utulivu, "Mama, huo ni upande wangu."

Nikamuuliza ni wake kwa namna gani, na mimi ndiye niliyeukalia.

"Wako ni kule kwenye mlango. Tangu tuoane."

Alisema kweli. Tangu lori letu la kwanza, kushoto kwenye usukani ni kwake na kulia ni kwangu. Hata kanisani na kitandani ni hivyo hivyo. Yeye alitamka "wako" akimaanisha kulia, kama siku zote. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha kushoto, kwa hiyo nilisikia kushoto. Nimefundisha sarufi katika shule ya Mayville hadi nikastaafu, nimewasahihishia vimilikishi, hivi "wangu" na "wako", watoto wa nusu ya wilaya, na kimilikishi ndicho kilichonigongesha nguzo. Mzee mmoja wa Manitoba aitwaye Delmar, aliyekaa kitini na kikombe chake, akamuuliza mkewe kwa sauti ya kusikika, "Hawa wanagombania gari au kitanda?" Mkewe akamwambia, "Nyamaza. Wewe ulibomoa choo cha kambi ya watu."

Delmar alithibitika kuwa mtu mwema. Alikuja na kopo la rangi inayolingana na yetu, akasema nimpe asubuhi moja tu, hata aliyeliunda gari hataujua mkwaruzo ule. Nilimshukuru nikakataa. Verlyn naye alikuwa ameanza kulikunja turubai la kivuli, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Akaniambia nimpigie simu mtoto, kwa kuwa tulitoa neno letu.

Nilikaa na simu mapajani. Kisha nikamwomba Verlyn anitajie vitu vyote alivyowahi kugonga. Alidhani namdhihaki. Nikashikilia. Akaanza na lango la baba yetu, Ardis, lile alilosema lilianguka kwa tufani. Akafuata sanduku la barua, la kwetu na la jirani. Mlango wa ghala. Ngazi za kanisa, kwa lori lililojaa viazi-sukari, siku ya ubatizo wa Curtis mwenyewe. Alipofika kwenye trekta na kisima akashindwa kuendelea kwa kucheka, akajifuta macho, akasema, "Na hakuna aliyekuja kwa ndege."

Sikupiga simu. Asubuhi yake tulikwenda kwenye uwanja mtupu wa maghala ya nafaka, nikarudi nyuma na kusonga mbele hadi karani wa pale akatoka kutuuliza kama tumepotea. Tuliamua pande zibaki zilivyokuwa, wake kushoto na wangu kulia, popote nitakapokaa. Verlyn akasema, "Pande hazikuhama, mama. Tuliohama ni sisi."

Oklahoma ilitupokea kwa mvua na Texas kwa joto. Tulipoingia humu mtaani kwetu habari ilikuwa imetangulia, maana viti vilikwisha kufunguliwa pande zote mbili za njia. Nafasi yetu, mnaikumbuka, iko kati ya ukuta wa nyumba na mti wa balungi. Verlyn akashuka, akavua kofia ili nimwone. "Upande wako kidogo. Wako tena. Sasa wangu. Wangu, wangu. Simama." Sikugusa ukuta, wala jani halikutikisika. Jirani yetu Wendell akamuuliza aliwezaje kuniongoza na macho yale. Verlyn akamjibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili viti vyote visikie, kwamba yeye alisema maneno mawili tu, na aliyelileta gari kutoka Dakota ni mke wake.

Curtis, mwanangu, sasa nasema nawe. Nimevunja mapatano yetu, na nimeyavunja nikijua. Mkwaruzo upo chini ya dirisha la upande wa baba yako, una urefu wa kisu cha mkate, na sikuupaka rangi. Mkono niliokupa ulikuwa wa abiria. Abiria hajui anachoahidi. Ulinitaka nisiguse kitu, na katika ukoo huu hakuna dereva aliyewahi kutimiza sharti hilo, wewe ukiwemo. Gari haliuzwi, na theluji ikiyeyuka tutarudi kwa njia ile ile tuliyojia. Najua hukuwa mkali ila kwa kuogopa, nami sikulaumu. Ukitaka kuja kwa ndege, njoo. Nijulishe siku, nami nitakuja uwanjani kukuchukua na gari-nyumba.

Wasalimie wote mezani, mmoja mmoja kwa jina, na umpelekee mchungaji salamu za Verlyn, anayesema hatimaye yuko tayari kuzungumza juu ya zile ngazi. Litunze goti lako, dada.

Wako akupendaye,
Marlys