Kitanda cha Kwenda Biliqo

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Kitanda kimekwisha, asema Mutuma seremala. Skrubu kumi na sita, dakika nne, kwa drili yake mpya ya umeme. Zamani alizungusha bisibisi asubuhi nzima. "Mwandishi, andika hiyo kwa gazeti." Skrubu ya mwisho aliniachia mimi. Ncha ya drili iliruka, ikala kichwa cha skrubu. Alinicheka hadi akakaa chini.

Ni zawadi yangu kwa Darmi, binti wa dada yangu. Anaolewa Biliqo wiki ijayo. Lori Alhamisi alfajiri. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumanne, 5 Agosti

Darmi alikuja kukiona. Akakizunguka, akainama kwenye miguu.

"Mjomba, inafunguliwa wapi?"

Huko Biliqo mifugo ikihama, nyumba nzima inabomolewa, inapanda ngamia. Kitanda kisichofunguka kinaachwa porini. Mutuma ni Mmeru, hakujua. Mimi ni Mborana. Miaka kumi na minane nauliza watu maswali kwa kazi. Hili sikuuliza. Aibu.

Drili inazunguka upande mmoja tu. Kwa bisibisi zimetoka tatu. Zilizobaki zimezama, vichwa vimelika.

Darmi akamgeukia Mutuma. "Fundi, nyumba nzima mimi nabomoa kabla chai ichemke. Kitanda yako ndiyo inishinde?"

Jumatano, 6 Agosti

Duka la vyuma lina drili mbili. Kubwa: nguvu nyingi, kasi moja, upande mmoja. Ndogo: inarudi nyuma, na ukiibonyeza kidogo inakwenda polepole. Mutuma aliikumbatia kubwa. "Hiyo ingine ni ya kukoroga uji." Nikamwuliza kubwa itatoa skrubu vipi. Akanunua ya uji.

Saa nane mchana ya kwanza ikatoka. Egemea kwa uzito wote, bonyeza kidogo. Ya pili. Ya tano. Ilibaki yangu, haina kichwa. Mutuma alichimba kando yake, akaikamata kwa koleo. Ilipotoka alipiga kelele, majirani wakaja mbio. Kelele nyingine ilikuwa yangu.

Tukaanza upya. Tundu kwanza. Sabuni kwenye skrubu mpya. Drili polepole, mizunguko ya mwisho kwa mkono. Darmi akapewa bisibisi. Akakifungua chote, akakifunga, hakuuliza mtu kitu. Halafu akaimba. Mutuma akacheza, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Sijacheka hivi tangu mvua.

Alhamisi, 7 Agosti

Kitanda kimeondoka vipande vipande, kamba mbili. Darmi alikaa mbele na dereva, bisibisi mkononi. Hakutaka iwekwe mfukoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Dereva amerudi. Anasema Darmi alikisimamisha mwenyewe mbele ya mama mkwe, na chai ilikuwa haijachemka.

Nikaha ni Jumanne. Naondoka kesho alfajiri na lori la mahindi. Nimebeba shati jeupe na skrubu nne za akiba.