Mabasi Mawili, Boti Moja

Mke wangu mpendwa, Mama Tumaini,

Nakuandikia nikiwa katika chumba kile kile ulichokilalamikia kuwa dirisha lake linatazama ukuta. Ukuta bado upo. Binti yetu hajambo, mumewe hajambo, na watoto wao wawili wanakua. Mimi ni mzima, isipokuwa silali vizuri, na sababu ni nyangumi wako.

Nasema wako kwa kuwa wewe ndiwe uliyemleta humu ndani. Tulipokuja London kumwona mjukuu wa pili, ulimwona kwenye televisheni nyangumi wa maji ya kaskazini, mtoto wake akinyonya na kuogelea ubavuni mwake. Ulikuwa umestaafu ukunga, lakini ulikaa wima kama mtu anayengoja kuitwa wodini. "Baba Tumaini," ukasema, "kumbe na huyu ananyonyesha. Lazima nikamwone mzazi mwenzangu." Nilikujibu kwamba watu wa Kondoa hawana shughuli na bahari. "Basi wewe baki ushike mikoba," ukasema.

Tumaini hakulisahau neno lile. Amepanga safari: treni hadi Uskoti, kulala katika nyumba ya wageni, kisha boti. Anasema tunakwenda kwa niaba yako. Amekata tiketi zetu sote watano, saa ile ile, boti ile ile. Hapo ndipo usingizi uliponitoka.

Unajua kwa nini. Tulipomzika mwalimu mwenzangu pamoja na mkewe, waliokufa katika basi moja, tuliwaona watoto wao wakigawanywa kwa ndugu kama vyombo vya jikoni. Tuliporudi nyumbani, kabla hujavua kanga ya msiba, ulisema, "Mimi na wewe hatutapanda gari moja tena mpaka watoto wakue." Watoto wakakua, desturi ikabaki. Wewe basi la kwanza, mimi la pili. Hata kuja huku ulitangulia wewe, nami nikafuata kwa ndege nyingine. Kila safari nilikukuta stendi, mkoba mapajani, hujanywa hata chai. Nikikuuliza umefika saa ngapi, ulijibu, "Nimefika sasa hivi," hata kama ulikuwa hapo tangu asubuhi.

Nimemweleza Tumaini kwamba zipo boti za asubuhi na za mchana. Yeye atangulie na mtoto mmoja. Mumewe afuate na mwingine.

"Baba, hii si barabara ya Dodoma."

"Ni mbaya kuliko barabara ya Dodoma. Kule ukianguka, unaanguka chini."

"Na baharini utaanguka wapi?"

"Hilo ndilo ninalouliza."

Mkwe wetu aliinuka kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mjukuu wetu mkubwa, ambaye hukielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, aliuliza kama nyangumi naye humtanguliza mtoto kwa boti ya asubuhi. Nikamwambia amalize kula.

Jumamosi nilikwenda Southall, mtaa wa Wahindi hapa hapa London, kununua glavu. Mwenye duka ni Mpunjabi mzaliwa wa Nakuru, na Kiswahili humrudia akimwona mzee wa kwetu.

"Mzee, glavu nzito hivi, safari ya wapi?"

"Kutazama nyangumi."

"Umelazimishwa?"

"Na binti yangu."

"Basi chukua na kofia. Binti hakataliwi."

Nikiwa ndani ya basi, glavu mapajani, nilipata suluhisho: nibaki nchi kavu. Mmoja akibaki, desturi imetimizwa. Nilipomwambia Tumaini, alijibu bila kubisha: "Sawa, Baba. Utatusubiri mgahawani, pale bandarini."

Usiku ule nilijiona nimekaa mgahawani. Meza, dirisha, maji yaliyowachukua wote, na chai iliyopoa mbele yangu. Ndipo nilipofahamu ulivyokuwa ukikaa pale stendi miaka ile yote, na kwa nini chai haikushuka. Desturi yetu ilimlinda mtoto asibaki bila mzazi. Haikusema lolote juu ya mzee anayebaki bila mtu. Mimi nimeshabaki mara moja, siku muuguzi aliponikabidhi mkoba wako na miwani ikiwa ndani. Sitaki kubaki tena.

Asubuhi nilimwambia Tumaini alirudishe jina langu.

"Sikulitoa, Baba," akasema, akaendelea kumfunga mtoto kamba za viatu.

Kwa hiyo tunapanda sote. Naogopa, Mama Tumaini, na nakuambia wewe kwa sababu hapa nimejifanya mtu wa kukagua mizigo. Nimeuliza kama jaketi okozi zinatosha, wamejibu zinatosha. Kesho nitauliza tena. Mkoba wako nimeuweka pamoja na glavu, kwa kuwa uliniachia kazi hiyo. Mzazi mwenzako akijitokeza, nitamfikishia salamu zako. Asipojitokeza, tutarudi tumelowa, wote watano, na hilo kwangu litatosha.

Nakuaga kwa leo. Huko uliko, usinisubiri kwa kiu. Agiza chai, unywe ingali moto. Basi la pili litakuja. Ila safari hii dereva wake nimemwomba asikimbie.

Mumeo,
Baba Tumaini